Antena Inayonusa Dhahabu ya Waturuki

Mithqal alipoiona ile redio ya jeshi kwenye lundo la vyuma chakavu sokoni Zarka, moyo ulimdunda kama wa bwana harusi. Na bwana harusi alitaka kuwa kweli. Mzee Falah alikuwa amemwambia: ukimtaka binti yangu Nofa, niletee ngamia jike mweupe, la sivyo upite mbali na mlango wangu. Mithqal hakuwa na hata mbuzi. Ila ulimi alikuwa nao, mrefu kuliko antena.

Redio yenyewe ilikuwa ya kubeba mgongoni, na antena yake ilikuwa ya kukunja vipande vipande. Ukibonyeza kitufe cha kipaza sauti karibu na spika, ilipiga ukelele wa mtu aliyekanyaga mwiba. Mithqal akaisikia, akatabasamu. Mjini pale kila mwenye kiwanja anaamini Waturuki, watawala wa zamani, walipokimbia walizika dhahabu chini ya kitanda chake.

Akaenda kwa Haji Mutlaq, mfuga ngamia, aliyekwisha kuchimba ua wake hata mkewe akawa anaanika nguo kwa kuruka mashimo.

"Ami Haji, usiione hivi ukadhani redio. Hii ni siri ya jeshi. Antena inanusa dhahabu."

"Inanusa? Ina pua?"

"Pua yako na yangu hazifui dafu, ami. Hebu twende."

Wakauzunguka ua, antena ikiyumba juu kama shingo ya mbuni, kidole cha Mithqal kimejificha ndani ya joho. Karibu na tangi la maji redio ikapiga ukelele.

"Subhanallah!" Haji akaruka. "Imelia!"

"Hapo ni sanduku dogo tu, ami. Makubwa bado."

"Unataka nini kwa redio hiyo, mwanangu?"

"Yule ngamia jike mweupe, nipate kuoa."

Haji akashika ndevu, akaguna kama mtu anayeng'olewa jino. "Mchukue. Ila kwa sharti: posa yako naiongoza mimi. Kijana unipe dhahabu, halafu ukapose bila mzee?"

Mithqal nusura alie. Mtu mzito namna ile amsemee yeye! Akambusu bega.

Ijumaa wakaenda, wanaume tele, ngamia mbele amepambwa. Kahawa ikamiminwa. Haji akaiweka finjani yake chini bila kuionja, kama afanyavyo mwenye ombi, na wenzake wote wakafanya vivyo hivyo. Mkuu wa posa akisema, midomo ya wengine ni pambo la uso tu.

"Falah, kahawa yako hatuinywi mpaka utupe tulichokifuata. Tunamtaka Nofa awe mke wa mpwa wangu, Ghazi. Mahari iko mlangoni, na ngamia wangu mji mzima unamjua."

Mithqal akafumbua kinywa. Haji akamwinamia sikioni, mpole kama baba.

"Sema, mwanangu. Waeleze ngamia ulimpataje. Wajomba zake Nofa wale pale, askari watupu. Watafurahi kusikia siri ya jeshi inauzwa."

Kinywa kikajifunga. "Kumbe ulijua?" akanong'ona.

"Redio kama ile nimeibeba mgongoni ujana wangu wote. Haijalia hata siku moja bila kidole cha mtu."

Mzee Falah, aliyekuwa amejiandaa kumkubali Mithqal kama mtu anavyojiandaa kumeza kwinini, akamtazama Ghazi, fundi matairi asiye na maneno mengi. Akashusha pumzi.

"Kunywa kahawa yako, Haji. Umepewa."

Vigelegele vikalipuka jikoni, na kirefu kuliko vyote kilikuwa cha Nofa mwenyewe, jambo ambalo Mithqal, kwa kujistahi, alijitahidi kutolisikia.

Wote wakanywa. Ikabaki finjani moja chini, imejaa. Macho yote yakamgeukia mwenyewe.

"Na wewe, Mithqal," akauliza Falah, "una ombi?"

Mithqal akawatazama wajomba. Wajomba wakamtazama.

"Sina, ami," akasema, akaibugia yote pamoja na mashapo. "Ilikuwa ya moto tu."