Fundi Cherehani na Kifo cha Malkia

Tegeni masikio, enyi mlioketi na mliosimama, na wenye haraka zao wazisahau kidogo, niwasimulie vita vilivyopiganwa ndani ya darasa tupu baina ya fundi cherehani mmoja na sentensi moja. Ndiye Simba wa Mapindo, Mtiisha Mashati, ambaye kundi la maigizo la mtaa lilimteua kuwa mjumbe katika tanzia ya kale. Kazi yake ilikuwa aingie, aseme, "Bwana wangu, malkia amefariki," kisha atoke. Wiki nzima maneno hayo yalikuwa yakimgaragaza.

Mwongozaji, mama mkunga asiyeyumbishwa na kelele za mtu, alikwisha kutoa hukumu kabla ya mazoezi: "Leo nataka mjumbe mwenye tabia yake, aonekane mtu. Ukishindwa, nafasi nampa shemeji yako."

Na shemeji mwenyewe, kaka wa mkewe, alikaa dirishani akitabasamu kwa upole unaoudhi. Fundi angekula vipi meza moja na tabasamu lile?

Basi akajitosa. Kwanza akajivika ujasiri, akaingia kwa kishindo na kutangaza kifo kama anayenadi mitumba. Mfalme, muuza nyama mwenye kitambi cha heshima, akacheka hata taji likamshukia puani. Fundi akarudi na kiburi, akajikwaa kizingitini. Akajaribu uchoyo, akaibania habari ile hata mkunga akauliza ni nani aliyekufa.

"Mwanangu," mkunga akasema, "tabia zote hizo umeziazima kwa nani? Wewe huna yako?"

Alikuwa nayo, na wateja wake wote waliijua: shujaa huyu hakuwahi kumpa mtu habari mbaya moja kwa moja. Gauni likiungua kwa pasi, husifia kwanza viatu vya mwenye gauni, kisha huuliza hali ya watoto, mmoja mmoja.

Akaingia tena, safari hii taratibu. Hakumtazama mfalme machoni. Akamnyoosha kola, akampangusa begani uzi ambao haukuwapo.

"Bwana wangu," akasema, akamfunga kifungo kilichokwisha kufungwa. "Bwana wangu, malkia..." Mikono ikamganda kifuani pa mfalme. "Amefariki."

Muuza nyama, aliyepaswa kunguruma hotuba ndefu ya kuilaani mbingu, akaisahau yote. Akaishika mikono ya fundi, machozi yakimtiririka.

"Ahsante," akasema, "kwa kuniambia polepole."

Dirishani shemeji akapenga kamasi. "Mimi nisingeweza," akakiri mbele ya kundi zima, na fundi akahisi amekua urefu wa mlango.

Hivyo ndivyo ngome ya shemeji ilivyoanguka bila mshale hata mmoja. Na tarikhi ikikosa ukurasa wa kuyaandika haya, vifutwe vita viwili vitatu vya wafalme, maana huko walikufa watu wengi na hakuna aliyeambiwa kwa adabu.