Mepo Mlangoni, Ujiji

Jumatatu, 14 Julai

Wema amenyofoa jani sasa hivi! Amelinusa, amelibandika kwenye paji la uso, akacheka. Nimemsamehe. Mtoto wa mwaka na nusu atajuaje kuwa ule ni mepo, mti wa Kijapani wa majani mekundu? Niliuona kwenye simu, umesimama uwani kwa watu, mwekundu wote, kama jua linapozama upande wa Kongo. Leo asubuhi nimeupata sokoni Mwanga, kwa Telesphory muuza miche. Bado ni kijani. Nikamwambia mbona kama muhogo. Akasema anayeona muhogo kila mahali ana njaa. Nikaona aibu, nikanunua, nikaupanda mlangoni.

Mama mkwe anapataka pale mlangoni apande chakula. Amenipa hadi Jumamosi. Mti usipokuwa mwekundu, anaung'oa.

Jumanne, 15 Julai

Telesphory anasema mepo hubadilika rangi kwa baridi. Ujiji hii, baridi! Nimechukua barafu za vifuko kwa jirani yangu Rozalia, anayewauzia wachuuzi wa samaki. Nimezipanga shinani. Rozalia akauliza kama mti una homa, basi niupe na Panadol. Wivu! Uwani kwake kuna nini? Kamba ya nguo.

Alhamisi, 17 Julai

Kijani. Tena umesinyaa kidogo. Nimekaa na Wema kivulini, kivuli chenyewe kinatosha mguu wake mmoja. Nikafumba macho. Nikaona majani mekundu yanatudondokea taratibu, Wema mkubwa, ana sare ya shule, anasoma chini ya mti, hata mbuzi wa Rozalia wamenyamaza. Nilipofumbua, Wema anakula udongo.

Jumamosi, 19 Julai

Alfajiri nikapata akili. Mawese! Nikapaka jani moja moja kwa kidole, mbele na nyuma. Jua lilipotoka, ee Mungu wangu! Unawaka. Kuku watatu wakasimama kuutazama. Nikatokwa machozi.

Mama mkwe akaja. Akauzunguka. Akagusa jani, akalamba kidole. Akasema, kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake, mkamwana, mafuta umeshatia, kilichobaki ni kinu. Akachuma yote, akatwanga, akapika sombe, kama apikavyo kisamvu. Rozalia akaja na ugali wake kabisa!

Jumapili, 20 Julai

Niliapa sili. Nikala sahani mbili. Na sasa najua jambo ambalo simu haikusema: mepo unaliwa! Mtamu hasa.

Mama mkwe amekata shina vipande vitano, ameniamuru nivipande mstari mzima, mlangoni hadi njiani. Kumbe ameupenda mti wangu! Nimempigia Telesphory. Anasema wa kwanza huwa kijani, wekundu huja kwa watoto wake. Mitano! Njia nzima nyekundu, na Wema katikati yake anakuja mbio kwangu. Nitaifunika kwa chandarua kikuukuu, maana tatizo lilikuwa jua. Na ikishashika nitauza miche, wa kwanza namuuzia Rozalia, ili naye uwani kwake kuwe na… Haya, mama mkwe anaita, nipeleke jembe, nasema nakuja mama, anasema nije sasa hivi kabla udongo hauja…