Jinsi Nilivyomponya Mume Wangu Kabla ya Daktari

Jumapili, 2 Machi

Salamu kwako, daftari. Darasani nilifundishwa barua tu, shajara siijui, utanivumilia. Mimi sijambo ila roho juu juu. Baba watoto hajambo ila macho. Binti mkubwa hajambo. Mapacha hawajambo, wanagombania kijiko. Mama mkwe hajambo, kasema chai yangu ni maji yaliyoonyeshwa majani. Paka naye hajambo.

Baada ya salamu, nina jambo. Baba watoto ni fundi cherehani na ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Juzi kashona shati, mfuko akauweka mgongoni! Wateja wanatukimbia. Madaktari wa kigeni wanapasua bure pale zahanati, na zamu yake ni Jumanne ya tarehe 11. Sasa nasikia Ijumaa hii Bunge linapiga kura wafukuzwe. Siku nne kabla! Sijala.

Jumatatu, 3 Machi

Jirani yangu Bi Redio (redio yake haizimi, ndiyo maana) kaja kunielimisha. Kasema serikali ya kwao inawakata hao madaktari mishahara, inawashikia pasipoti, na sisi tukipokea tiba tunapokea jasho la watumwa. Nikamjibu nyani haoni kundule, hospitali yetu daktari wa macho yuko wapi? Akasema mimi sijasoma. Kweli. Lakini nilikosa raha. Nikaenda zahanati kumuuliza daktari mgeni mwenyewe kama analipwa. Akatazama dirisha, akasema ana binti wa miaka sita. Sikuuliza hilo. Nikampelekea chai.

Jumanne, 4 Machi

Karani wa zahanati katangaza: kesho kamati ya Bunge inakuja kuwasikiliza waliopona. Waliopona wenyewe wanaona haya, wamejificha. Nikaona mwanya! Baba watoto atasimama kama aliyepona. Kakataa. Nikalia. Kakubali. Tumefanya mazoezi hadi mama mkwe akatuuliza kama tunaigiza harusi.

Jumatano, 5 Machi

Mungu wangu! Kasema vizuri, ila alikuwa analiambia kabati. Nikamgeuza taratibu kwa bega. Mwenyekiti wa kamati, mama mwerevu, akatoa sindano na uzi kwenye mkoba. Kasema fundi, hebu tunga. Baba watoto akalamba uzi, akapapasa, akatunga mara moja! Miaka thelathini, vidole vinajua njia bila macho. Kamati ikapiga makofi. Nilitaka kuruka.

Karani naye akafurahi. Akafungua orodha, akaandika mbele ya jina la baba watoto: AMEPONA. Akamfuta tarehe 11.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemwangukia karani. Kasema kamati imeshatia sahihi, hawezi kufuta. Njia ni moja: niandike malalamiko kwamba alipasuliwa vibaya, ndipo atarudishwa. Yaani niwape wabunge kisu cha kuwachinjia madaktari! Bi Redio alisikia, akaja mbio na kalamu mbili, moja ya akiba. Kasema andika, dada, mimi nitakusaidia herufi.

Nilishaandika "Mheshimiwa."

Baba watoto akauliza ninaandika nini. Nikamwambia. Akasema daktari hajamgusa hata kope, atamsingiziaje? Akavaa viatu, kushoto kulia na kulia kushoto, akaenda mwenyewe akishika ukuta. Nikamfuata kwa nyuma kama kuku.

Kamweleza daktari yote. Nilitaka ardhi inimeze. Daktari akacheka hadi akavua miwani. Kisha akaacha. Kasema hata kwao, wageni wakija kukagua, watu hufundishwa la kusema. Akanawa mikono, akaendelea kunawa. Mwishowe akachukua kalamu ya karani, akamrudisha baba watoto tarehe 11.

Ijumaa, 7 Machi

Siku nzima kwa Bi Redio, sikio kwenye redio yake. Mbunge mmoja kasema ni utumwa. Mwingine kasema mgeni akikutibu humpekui mfukoni. Wa tatu akauliza mbona hakuna aliyewauliza madaktari wenyewe. Akazomewa! Nikakumbuka lile dirisha. Kura haikupigwa: imeahirishwa mwezi mzima. Nikamkumbatia Bi Redio kwa bahati mbaya. Akaninong'oneza kama tarehe 12 kuna nafasi. Kumbe naye haoni vizuri!

Baba watoto kanikanya: uongo basi. Nimeapa. Nimekoma.

Jumamosi, 8 Machi

Karani kasema kamati inarudi Jumatano, safari hii kukagua chumba cha masikio. Wanataka kumwona mtu aliye kiziwi.

Siku hiyo baba watoto atakuwa na bandeji machoni, atatia huruma mara mbili. Nimeanza kumfundisha uziwi. Leo nimemweleza mpango, kimya. Nimemwita mara tatu, hakuitika. Nimegonga sufuria karibu na kichwa chake, hakupepesa. Anajifunza haraka huyu mtu!

Ila kahamishia mto wake chumba cha mapacha.

Daftari, nakuomba unijibu upesi kabla ya Jumatano: anafanya mazoezi, au amenuna?