Mtoto wa Kumi na Mbili

Jumatatu, 4 Agosti

Siku ya tatu kambini. Watoto tisini, walezi wanane, bafu nne. Mimi ni mlezi wa Bweni la Tatu: wasichana kumi na wawili, wa miaka minane hadi kumi, makelele ya watu mia.

Habari kubwa! Msaidizi wa Mkuu wa Kambi kateguka kiuno akiwaonyesha watoto namna ya kuruka kamba. Karudishwa nyumbani kalazwa kwenye kiti cha nyuma cha gari kama mkeka. Maskini. Nafasi iko wazi. Wakati wa chai Mkuu katuambia atamteua mwingine Jumamosi, siku ya wazazi, na kwamba anamtaka mtu asiyebabaika mambo yakiharibika. Akaniangalia. Au alikuwa anaangalia saa ya ukutani nyuma yangu. Mimi nasema aliniangalia.

Mpinzani ni mmoja tu: mlezi wa Bweni la Pili. Tunamwita Filimbi, kwa sababu ya filimbi anayoivaa shingoni hata akienda kuoga. Blanketi za bweni lake hukunjwa kama bahasha. Watoto wake humwamkia kwa sauti moja. Hajawahi kunikosea hata siku moja. Hilo ndilo linaloniudhi.

Jambo dogo la pembeni. Nilimpigia simu Mama Mdogo, mazungumzo yakanoga, ulimi ukateleza, nikamwambia nimeshateuliwa. Alipiga kigelegele mpaka simu ikakwaruza. Anakuja Jumamosi na mashoga zake wawili. Mama Mdogo ndiye aliyenilea. Ndugu wengine walishaacha siku nyingi kuuliza ninafanya nini maishani. Yeye bado anauliza, na bado anaamini ninachomjibu.

Kwa hiyo lazima nipate. Basi.

Jumanne, 5 Agosti

Leo ukaguzi wa mabweni. Saa tatu asubuhi, kwa mujibu wa ubao wa ratiba nje ya bwalo. Nikaamka kabla ya wote, nikafuta "tatu", nikaandika "kumi". Hesabu yangu: Filimbi atajisahau, wenzake watajisahau, saa tatu Mkuu atakuta mabweni yote shaghalabaghala isipokuwa langu. Safi kabisa!

Sikujua kwamba Mkuu naye husoma ubao.

Akaja saa kumi. Wasichana wangu walikuwa wametoka kuvuta kamba kwenye tope, na walikuwa wamejitupa vitandani wakiwa na tope lao. Mkuu alisimama mlangoni, akashusha pumzi, akaandika alama mbili kwa kumi. Nikamuuliza hizo mbili ni za nini. Akasema ni za paa.

Bweni la Pili: kumi kwa kumi. Wanasema hukunja blanketi kila wanapoinuka, hata wakienda chooni.

Jumatano, 6 Agosti

Nimepata! Nimepata!

Kwenye chai Mkuu katusimulia jinsi mtoto alivyopotea hapa miaka mingi iliyopita. Kambi nzima ikalia, ila mlezi mmoja alitulia, akafikiri, akaenda moja kwa moja akamtoa kichakani. Mkuu alimpa usaidizi siku ileile. Alipofika hapo machozi yalimlengalenga.

Mtu hahitaji kuambiwa mara mbili. Ninachohitaji ni mtoto aliyepotea.

Nimemchagua yule tunayemwita Wakili. Ana miaka tisa, miwani, na hakuna amri anayoitii kabla ya kuuliza maswali matatu. Ila hasemi ovyo, na haogopi kukaa peke yake. Nikamweleza: kesho baada ya chakula ajifiche stoo, akae kimya, mimi nitamkuta, mchezo umekwisha. Akauliza yeye atapata nini. Nikasema pakiti mbili za biskuti na kusamehewa kufagia wiki nzima. Akasema anataka iandikwe. Nikacheka. Hakucheka. Nikaandika. Akasoma, akarekebisha herufi mbili, akaniambia nitie sahihi, akaikunja karatasi na kuitia kwenye soksi.

Jioni kabla giza halijaingia nikaenda kukagua stoo ya michezo. Mikeka, mipira, pampu, kona nzuri nyuma ya nguzo za wavu. Pamekaa vizuri mno. Kesho saa hizi nitakuwa mtu mwingine.

Alhamisi, 7 Agosti

Nitaandika ninavyoweza.

Saa nane na nusu nilimkonyeza Wakili. Akaondoka bwaloni bila kugeuka nyuma. Saa tisa nikapanga wasichana wangu mstari na kuwahesabu kwa sauti, ili mabweni ya jirani yasikie. Kumi na moja. Nikahesabu tena. Kumi na moja! Nikapiga ukelele mmoja niliokuwa nimeufanyia mazoezi bafuni.

Watu wakaja mbio. Filimbi akapuliza, watoto wote wakakaa chini pale walipo. Mkuu akafika viatu mkononi. Nikatulia, kama yule wa kwenye hadithi. Nikaweka kidole kidevuni. Nikasema tusiwe na haraka, tufikiri, mtoto wa miaka tisa anapenda nini? Anapenda mipira. Nifuateni.

Nikafungua mlango wa stoo ya michezo kwa mkono mmoja, mwingine nimeuweka tayari kumkumbatia.

Mikeka. Mipira. Pampu.

Nikatazama nyuma ya nguzo za wavu. Nikafunua mikeka mmoja mmoja. Nikatia mkono kwenye kapu la mipira hadi chini. Mkuu akaniuliza natafuta nini humo, mtoto au sindano. Wakati huo nikasikia mlio juu ya kichwa changu. Kwenye boriti, juu ya ile kona yangu nzuri, kiota cha nyigu kikubwa kama sufuria. Jana jioni walikuwa wamelala.

Nikarudi nyuma hadi mlangoni.

Aliingia, akaumwa, akakimbia? Alikimbilia wapi? Nyuma ya stoo kuna miti, na baada ya miti, hatua mia mbili, kuna bwawa. Tulishawakataza watoto kufika huko. Wakili aliuliza maswali matatu kuhusu katazo hilo.

Sasa niandike ukweli, maana daftari hili halisomwi na mtu. Nilijua nilipaswa kusema. Ningesema tu: mimi ndiye niliyemwambia ajifiche, alikuwa anakuja hapa. Wangejua pa kuanzia. Nikafungua mdomo, nikamwona Mama Mdogo na mashoga zake wawili, nikaufunga. Nilikaa na maneno hayo mdomoni dakika ishirini nzima. Watu walikuwa wanatafuta upande wa barabara, kinyume kabisa, na mimi nilikuwa naita jina lake pamoja nao.

Saa tisa na nusu Mkuu akatoa simu kumpigia mama yake Wakili. Nikaona amekosea namba mara mbili. Mwanamke huyu hajawahi kubabaika mbele yetu.

Hapo miguu ikaondoka yenyewe. Nikakata katikati ya miti, matawi yananichapa usoni, mpaka ukingoni. Maji ya kahawia, kimya. Katikati kulikuwa na kitu cheupe kinaelea. Kama kofia. Wakili ana kofia nyeupe.

Sijui kuogelea. Niliingia na viatu. Maji magotini, kiunoni, kifuani. Matope yakashika kiatu cha kushoto na kukibakiza. Nikakifikia kile kitu. Mfuko wa plastiki. Nikaukumbatia na kulia kama mtoto.

Filimbi alikuwa amenifuata. Alisimama ukingoni, akavua sweta lake, akanirushia mkono mmoja wa sweta niushike, anivute. Nilipotoka nikamwambia yote. Nyigu, biskuti, karatasi, yote, meno yakigongana. Nilingoja anitukane. Aliniuliza swali moja tu.

"Ulimwambia stoo gani?"

Nikasema stoo. Stoo!

Alirudi mbio kwa wasichana wangu waliokaa chini na kuwauliza mmoja mmoja, taratibu, amepiga magoti, kwamba Wakili alikuwa anazungumza nini wakati wa chakula. Wa tisa akakumbuka: aliuliza ni stoo ipi kambini haina wadudu.

Stoo ya mashuka. Nyuma ya chumba cha dobi. Tukamkuta kwenye rafu ya juu, katikati ya blanketi, miwani imekunjwa vizuri pembeni, amelala fofofo. Saa kumi na dakika ishirini. Dobi alikuwa akipiga pasi hatua tatu kutoka pale, redio juu, hana habari.

Wakili akaamka, akatutazama watu kumi na watano tumejazana mlangoni, mimi naeneza tope sakafuni. Akaniangalia.

"Umechelewa, dada," akasema.

Mkuu akamkumbatia kwa muda mrefu. Kisha akanigeukia na kunishika bega lililolowa. Akasema ameambiwa niliingia bwawani.

Filimbi alikuwa nyuma yake. Alinyamaza. Nami nikanyamaza.

Ijumaa, 8 Agosti

Sikula asubuhi. Kila Filimbi alipofungua mdomo nilidhani ananisema. Alikuwa anaomba chumvi.

Mambo yangu mawili tu leo: Filimbi asiseme, na karatasi ile ipatikane. Wasichana walipokwenda kwenye mchezo nikapekua kitanda cha Wakili. Soksi jozi nne, nikazigeuza zote nje ndani. Hamna kitu. Nikapekua begi, mto, kitabu cha kuchorea. Hamna.

Saa nne nikaitwa ofisini. Nikajipa moyo: ni uteuzi. Nikajipaka maji kwenye nywele.

Karatasi ilikuwa mezani. Imekunjuliwa, imewekewa kikombe juu isipeperuke. Kumbe Wakili aliileta mwenyewe, kabla ya chai ya asubuhi. Si kwa nia ya kunichongea, jamani. Alikuja kushtaki kwamba hajapewa biskuti zake.

Mkuu akanisomea kwa sauti. "Mimi, mlezi wa Bweni la Tatu, namwomba ajifiche stoo." Akauliza kama hiyo ni sahihi yangu. Nikasema inafanana.

"Nilimpigia mama yake," akasema. "Nilimwambia mwanao haonekani. Unajua alivyonyamaza kwenye simu?"

Nikasema sijui.

"Basi kaa hapo ufikirie."

Akanikalisha kwenye kile kiti nusu saa nzima, yeye anaandika mambo yake. Sijawahi kusikia kalamu ikikwaruza vile. Mwishowe akasema angenirudisha nyumbani leo leo, ila walezi hawatoshi. Nimeondolewa bwenini. Kuanzia sasa kazi yangu ni viti, ubao na stoo ya michezo, pamoja na nyigu wake.

Nikauliza kwa sauti ndogo kuhusu usaidizi.

Hakucheka, hakukasirika. Alinionyesha mlango.

Jumamosi, 9 Agosti

Siku ya wazazi. Nimebeba viti mia na arobaini. Mbele ya watu wote Mkuu akamtangaza Filimbi kuwa msaidizi wake, watoto wakashangilia, hata wangu. Na walioshangilia zaidi ni wangu hao hao.

Mama Mdogo alifika muda mfupi baadaye, na shukrani kwa foleni ya getini, hakusikia tangazo. Amevaa gauni la sherehe. Mashoga zake nao. Akanikuta na viti vinne kichwani. Nikamwambia msaidizi wa Mkuu lazima ahakikishe viti mwenyewe, siku hizi huwezi kumwamini mtu. Akawageukia wenzake: mmeona?

Kisha akamwona Filimbi akipita. Akamwita, "We binti, hebu mwanangu, mletee bosi wako maji, huoni jasho linamtoka?"

Dunia ikasimama. Filimbi akaniangalia. Nilimwomba kwa macho. Sijawahi kuomba kitu vile. Akaenda. Akarudi na glasi ya maji, akampa Mama Mdogo shikamoo, akanipa glasi kwa mikono miwili, akaondoka. Maji yale sikuweza kuyameza. Angenitukana ningemeza vizuri.

Mama yake Wakili alinifuata kwenye stoo jioni, wazazi wakiaga. Mwanamke mfupi, mkoba ameubana kwapani. Nikaanza kumpa maelezo, nilikuwa nimeyapanga. Akainua mkono.

"Nilipopigiwa nilikuwa kazini, nimesimama," akasema. "Nilikaa chini sakafuni. Wenzangu walidhani nimefiwa. Karibu saa nzima nimekaa pale sakafuni, dada. Nilitaka tu ulijue hilo."

Akageuka akaenda kumchukua mwanawe wapige picha. Nilibaki nimeshika pampu ya mipira. Nimelia kidogo. Mavumbi pia yalichangia.

Mama Mdogo aliondoka na furaha. Alinibusu kwenye paji la uso na kusema marehemu mama angejivunia. Hilo nalo nimelibeba, zito kuliko viti.

Jumapili, 10 Agosti

Nimepumzika, nimefikiri, nimejichunguza kwa dhati. Na nimejifunza. Nakiri nilikosea, na kosa ninalijua sasa: nilimtumia mtoto. Mtoto ana akili zake, anahama, analala, anashtaki. Sitarudia tena kumtumia mtoto. Naapa.

Mchana Mkuu ametangaza kwamba kesho asubuhi watu wa zimamoto wanakuja kutupa mafunzo, na kwamba angependa kumteua mmoja wetu kuwa msimamizi wa usalama wa kambi. Cheo kamili, na kizibao cha rangi ya machungwa. Anamtaka mtu mwenye macho makali, wa kwanza kuona hatari.

Moto ni kitu kingine kabisa. Moto hauulizi maswali. Ukiuweka mahali unakaa.

Majani makavu nyuma ya vyoo, nimeshayakusanya. Kamoto kadogo tu, ka kutoa moshi. Ndoo mbili za maji ziko tayari. Upepo nimeuangalia mwenyewe kwa kidole, hauna neno.