Penseli Nyekundu Zote Ziko Kwangu

Jumamosi, 6 Desemba

Wameanza tena. Mama, jirani yetu Fundi Cherehani, na (aibu iliyoje!) Mwalimu wangu wa Hesabu. Wameinamia meza, wanapaka rangi kitabu cha michoro ya Krismasi. Jaladani kimeandikwa: Kwa Watu Wazima. Mwalimu anayenikata alama kwa mstari uliopinda amempaka malaika rangi hadi nje ya mbawa. Mama akacheka mpaka akafuta machozi.

Mama huuza dawa wiki nzima, akirudi hata kusema hataki. Kicheko kile hutoka Jumamosi tu, nami hukisikilizia mlangoni. Nataka kukaa pale. Basi! Ila kuomba siwezi. Mimi hunyamaza kwa lugha mbili, ya shuleni na ya nyumbani.

Nikapeleka chai. Nikasimama na sinia kama nguzo, nikingoja kuambiwa kaa. Fundi akasema Mungu anibariki, sasa nilete na sukari.

Kisha binamu yangu Kiherehere akaingia bila hodi, akavuta kiti, akapewa ukurasa. Hivi hivi tu!

Jumatatu, 8 Desemba

Nimegundua jambo. Krismasi inakula nyekundu. Kofia, riboni, mishumaa, mpaka pua za kulungu. Sasa, nyekundu zikipotea na mimi peke yangu ninazo, watanifuata wenyewe. Watanibembeleza. Nitaringa kidogo, kisha nitakubali. Akili hizi nilizificha wapi siku zote?

Nimezitoa zote kwenye kopo la penseli, nimezitia ndani ya soksi, soksi chini ya godoro. Nikanunua na zilizobaki dukani, wasije wakanizunguka. Muuzaji akauliza kama nafundisha chekechea. Nikasema ndiyo.

Jumamosi, 13 Desemba

Maafa!

Mama akapekua kopo, akauliza nyekundu zimekwenda wapi. Nilikuwa ukumbini, soksi mkononi, sentensi yangu nimeikariri tangu asubuhi. Kabla sijafungua mdomo, Kiherehere akasema kwani lazima nyekundu? Akampaka Baba Krismasi zambarau. Ndevu kijani! Fundi akapiga ukelele kwamba huyo ni shemeji yake mtupu, siku ile aliyokwenda ukweni. Mwalimu naye akawatia kulungu madoa ya chui. Hawajawahi kucheka vile. Nyekundu hakuna aliyeitaja tena.

Nikarudi chumbani, nikakaa na soksi yangu. Tajiri wa nyekundu, maskini wa watu.

Jumapili, 14 Desemba

Mama amebadilisha mashuka. Sikuwepo! Niliporudi, penseli zimepangwa kitandani, naye amekaa kando yake. Nikajua leo ndiyo leo.

Akauliza nazifanyia nini. Machozi yakatangulia maneno, kisha yote yakamwagika: sinia, soksi, chekechea. Nilingoja anigombeze. Akasema alidhani mimi nawaonea haya. Kwamba kila Jumamosi anatamani nikae naye, lakini anaogopa kuniumbua mbele ya mwalimu wangu. Kumbe tulikuwa tunangojeana, yeye mezani, mimi mlangoni! Akanikumbatia. Akasema mficha uchi hazai, nikitaka kitu niseme tu. Nikaapa kwamba nitasema. Niliapa kwa moyo wote.

Jumamosi, 20 Desemba

Nimekaa! Kati ya Mama na Fundi. Mwalimu akanisogezea kichongeo kimyakimya, kama mtu anayeomba radhi kwa jaribio la mwisho. Mama alipocheka, bega lake liligonga langu. Sijui niandike nini zaidi. Liligonga langu.

Shida ndogo tu. Nimepewa ukurasa wa kengele. Kengele tupu, juu mpaka chini! Kiherehere amepata ule wa mji mzima kwenye theluji, madirisha tele, kila dirisha na taa yake. Ningeweza kuomba tubadilishane. Ni sentensi moja. Mama alinitazama kama anayeingoja.

Lakini nilikuwa na njia bora. Nikamnong'oneza Kiherehere kwamba kengele si mchezo, ni ukurasa wa mabingwa, wanaoanza hupewa miji. Nikangoja wivu umshike.

Alifurahi mno kwa ajili yangu. Akawatangazia wote kwamba mimi ni bingwa. Wakapekua kitabu, wakanichania kurasa zake zote za kengele.

Nimeshukuru. Jumamosi ijayo nitamwambia theluji inaharibu macho.