Mpaka wa Waasisi wa Pell Grove

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, tena mjinga mwenye kipaza sauti. Ilani niliisoma mwenyewe: "Halmashauri ya Wilaya ya Shule za Sekondari ya Pell Grove, kwa kutambua utukufu wa historia yake, inarejesha Mpaka wa Waasisi; aishiye nje yake si mkazi wa wilaya, na mtoto wake hatasoma hapa."

Tatizo lenyewe lilikuwa dogo: shule imejaa. Katika vitongoji hivi vya Chicago mtu hanunui nyumba. Ananunua shule, nyumba anapewa kama nyongeza. Na tulihisi kwamba watoto wa zile fleti za karibu na stesheni ya treni wanakalia viti vyetu. Kuwafukuza ni ukatili, na sisi si wakatili. Tukaunda Kamati ya Urithi. Mimi, muuza bima, nikapewa uongozi wake kwa sababu nina sauti nzito.

Kamati ilifanya utafiti wa kina, yaani niliwaza. Waasisi walikuwa watu wa heshima. Watu wa heshima hukaa penye miti na uwanja wa gofu, kama mimi. Kwa hiyo waasisi walikaa kwetu Heron Links, na wilaya yao haikufika stesheni. Wajumbe wenzangu sita wa halmashauri, majirani zangu wote, hawakuona tundu lolote katika hoja hiyo.

Bi Refugio Villaseñor wa zile fleti akasimama kwenye kipaza sauti cha wananchi. Mjukuu wake, Xiomara, ndiye aliyeongoza bendi ya shule.

"Mtoto amebakiza muhula mmoja amalize. Mnampeleka wapi?"

"Sisi hatumpeleki popote, mama," Mwenyekiti wa halmashauri, Lindqvist, alijibu kwa upole. "Historia ndiyo inampeleka."

"Na hiyo historia mmeiona, au mmehadithiwa?"

"Muda wako umekwisha."

Tukapiga kura. Wote saba tukakubali, na uamuzi ukaanza kutumika papo hapo. Kifungu hicho nilikiandika mimi, nikajipongeza. Kisha, ili watu wasiseme tunabahatisha, nikafunua ramani ya waasisi niliyoiagiza kutoka maktaba ya mji, imekuzwa, ina fremu ya dhahabu. Watu wengine huangalia ramani kwanza. Mimi nilitaka iwe ya kushtukiza.

Ikatushtukiza. Waasisi waliletwa na reli, na waliposhuka hawakuwa na haraka ya kwenda mbali. Wilaya yao nzima ilijikunyata kuizunguka stesheni, hapo hapo penye fleti za kina Bi Refugio. Upande wa magharibi mpaka ulikomea kwenye kinu cha nafaka.

"Wendell," Mwenyekiti akaninong'oneza, kipaza sauti kikiwa wazi, "Heron Links iko wapi?"

"Ipo, mkuu. Ni pale palipoandikwa shamba la mahindi."

"Hapo ni ndani ya mpaka?"

"Ni karibu na ndani."

Ukumbi ukaanza kucheka, mwanzoni kwa adabu. Mwenyekiti akagonga nyundo yake na kusimama.

"Natoa hoja tuufute uamuzi huu sasa hivi, kwa manufaa ya watoto wote."

Niliunga mkono kabla hajamaliza.

Bi Refugio hakuwa ameondoka pale kwenye kipaza sauti.

"Kaa chini, baba," alisema. "Hapa hoja wanatoa wakazi. Nyie nendeni mkavune mahindi."