Khitma ya Riwaya Kumi

Redio ilitangaza saa tisa alasiri: kijiwe chetu cha kahawa, hapa stendi ya Ikwiriri, kimemaliza orodha ya riwaya kumi za zamani kwa siku kumi. Kesho Mwalimu Shamsia, mwenye orodha, atakuja kutuhoji. Akiridhika anatuachia vitabu vyenyewe. Asiporidhika vinakwenda kijiwe cha Nyamwage.

"Nyamwage!" Bajaji, tunayemwita kwa chombo anachoendesha, nusura apaliwe na kashata. "Wale hata gazeti hawamalizi!"

Sisi tulisoma kwa mtindo wa khitma. Mwalimu alitupatia kopi ya kila riwaya. Injinia, fundi wa pampu, akafungua pini, kila mtu akachukua fungu lake. Kwa saa mbili tu, kitabu kimekwisha.

"Tujipime," Injinia akasema. "Riwaya ya kumi. Mashavu ni nani?"

"Si bibi harusi?" Bajaji akajibu.

"Bibi harusi wapi? Kwenye fungu langu anazaliwa, anaota meno, kurasa zinaisha."

"We mzee vipi? Nimemwoza juzi! Mume mpole, hana neno."

Mizani, mpima ufuta, akaweka kikombe chini.

"Mimi nimemzika."

"Umemzika nani?"

"Mashavu. Ana miaka sabini. Nimelia kurasa sita. Mke wangu akauliza nani kafa, nikasema simjui. Mpaka leo kanuna."

"Unamlilia mwanamke usiyemjua?"

"Ndiyo shida yenyewe. Mazikoni kila mtu alikuwa na sababu yake ya kulia, isipokuwa mimi."

Injinia akainua mkono. "Tulieni. Kesho kila mtu ajibu la fungu lake."

"Na Mwalimu akiuliza kwa nini alimsamehe mumewe? Kwangu wamelitaja tu mazikoni," Mizani akauliza.

Bajaji akasimama. "Amsamehe nini? Kwangu alikuwa mtu safi!"

Tukatazamana. Fungu la katikati lilikuwa la mwenzetu Abdulhalim, na Abdulhalim alikuwa amepanda basi la asubuhi kwenda Ngorongo, kurasa zikiwa mfukoni.

Bajaji akawasha chombo chake.

"Unamfuata Abdulhalim ili tupate vitabu?" Injinia akapaza sauti.

"Vitabu gani? Nataka kujua yule bwana kamfanya nini binti wa watu."

Akaondoka bila abiria. Mizani akamnyooshea Injinia mkono.

"Lete fungu la kwanza."

"La nini sasa? Mwisho wake si unaujua?"

"Nimemzika, Injinia. Sasa acha azaliwe."